Kaniki ya Kakakuona

Siku ile mbugani walikuwepo Nyamizi, Mlekwa, Kalunde, Bibi Msagata na Afande Ndimbo, askari wa mbuga. Hakuna mwingine. Nawataja mapema ili mtu asije akasema kulikuwa na shahidi wa pembeni atakayetusaidia kuamua. Hayupo. Sikilizeni tu, na mwenye jibu alitunze mdomoni mpaka nimalize.

Nyamizi alijaliwa masikio. Akiwa anatwanga uani kwake, alisikia kifaranga kilichonasa kwenye uzio wa jirani. Masikio hayo yalikuwa na kazi nyumbani pia, maana mwanawe Shija ana kifafa, na Nyamizi husikia pumzi ya mtoto ikibadilika kabla hajaanguka. Humkimbilia. Si kila mara anawahi. Shija ana kovu la jiko kwenye shavu.

Mlekwa alijaliwa mikono. Mizinga ya nyuki aliyoichonga haikupasuka hata ikipigwa na jua kiangazi chote, na mizinga hiyo ndiyo iliyolisha nyumba yake. Zamani mikono hiyo hiyo ilitega nyaya mbugani. Mkewe alipokataa kupika nyama ile, Mlekwa aliacha. Akaenda mwenyewe kwa askari wa mbuga, akawaonyesha mitego yake, akaing'oa mbele yao. Tangu hapo, kikundi cha wanakijiji wanaojitolea mbugani kikiitwa, yeye ndiye wa kwanza kufika.

Kalunde alijaliwa mgongo. Alibeba kuni za wazazi wapya, alibeba wagonjwa mpaka barabarani, na hakuna aliyemsikia akiguna. Lakini mgongo huo haujawahi kubeba mtoto wake mwenyewe mpaka akatambaa. Alizaa akazika, akazaa tena akazika tena. Siku ile mimba nyingine ilikuwa imeanza kuonekana chini ya kitenge. Wenzake hawakumuuliza. Asubuhi, wakati wa kugawana vifaa, Nyamizi alimwachia fyekeo jepesi, yeye akachukua lile zito, akasema mpini wake anaupenda.

Kazi yao ilikuwa ya kujitolea. Ndani ya mbuga kuna mahame, kijiji cha mababu kilichobaki bila watu, na katikati ya mahame kuna matanuri ya udongo ambayo wazee waliyeyushia chuma. Kikundi kiliyaezekea paa la nyasi ili mvua isiyamomonyoe. Kila kiangazi hurudi kufyeka ukanda mpana kuyazunguka, moto usipite, na kuokota nyaya zilizotegwa. Ujira wao ni chai ya Afande, na ruhusa ya kufagia makaburi ya watu wao. Siku ile wanakikundi wengine walikuwa msibani, kwa hiyo wakaenda hao watatu. Bibi Msagata alikwenda kwa sababu yeye ndiye anayeyajua makaburi. Alikaa kwenye gari la Afande na kikapu chake, ndani yake kaniki mpya ya kutandika kaburini.

Walikuwa hawajamaliza kufyeka moto ulipotokea upande wa bondeni. Upepo uliusukuma kuelekea kwao.

"Kila mtu upande wake!" Afande alipiga kelele. "Kateni matawi mabichi. Ukishika mahali, usibanduke!"

Kalunde akapewa upande wa upepo, kwa sababu ndiko ukanda ulikuwa mpana zaidi, na Afande aliona kuna nafuu huko. Mlekwa akapewa upande wa mawe, ambako nyasi zilikuwa chache. Nyamizi akasimama katikati yao.

Hapo ndipo Nyamizi aliposikia kitu chini ya ardhi. Kilikwaruza kama ukucha kwenye kifuniko cha sufuria. Akajua ni kiumbe hai, na akajua kimeshikwa. Akanyamaza. Alifikiri: nikisema, watu wataacha moto. Akapiga tawi chini, akapiga tena. Sauti ikazidi kukwaruza, naye akashindwa.

"Kuna mnyama amenasa!" akasema. "Kule, kwenye shimo lililochimbwa na mhanga, nyuma ya kichuguu!"

Kwa moshi ule na majani yale, mtu mwingine asingejua. Bila masikio ya Nyamizi, pale pangebaki majivu tu.

Mlekwa akakimbia, akalala kifudifudi mdomoni mwa shimo. Alikuwa kakakuona, amejikunja kama mpira, na waya umembana chini ya magamba. Koleo lilikuwa garini. Mlekwa akaingiza mikono, akaupapasa waya, na vidole vyake vikasimama. Aliujua ule msokoto. Ulikuwa wake. Alipowaonyesha askari mitego yake, huu aliusahau.

Nyasi za mdomo wa shimo zikashika moto. Mlekwa hakutoa mikono. Alizungusha waya kama alivyouzungusha siku ya kuutega, ila kinyume, bila kuona kitu, mpaka ukalegea. Mtu mwingine angeuvuta, na ungekaza zaidi. Alipoinuka, ngozi ya viganja vyake ilikuwa imeachana na nyama.

"Nimemfungua," akasema. "Siwezi kumshika."

Nyamizi akajaribu kumwinua, akamfikisha magotini tu. Kakakuona mkubwa ni mzito, na akijikunja hana mahali pa kushika. Moto ulikuwa umefika kwenye kichuguu.

Kalunde akatupa tawi lake.

"Kalunde!" Afande akaita. "Usibanduke hapo! Kalunde!"

Alikuwa ameshabanduka. Akapiga magoti mbele ya Nyamizi, akafungua kitenge.

"Niwekee mgongoni."

"Mwenzangu, na hali hiyo?"

"Niwekee, Nyamizi. Acha maneno."

Nyamizi akambebesha kama anavyobebeshwa mtoto, akamfunga mafundo mawili. Kalunde akainuka, akapita kwenye moshi akiwa ameinama, mkono mmoja chini ya tumbo, mpaka barabarani. Magamba yalimchana mgongo, blauzi ikalowa damu. Hakuguna.

Nyuma yake, pale alipokuwa amesimama, moto ulivuka ukanda. Ukapanda kwenye paa la nyasi. Paa likaangukia matanuri, na lile kubwa, ambalo wazee walisema ndilo lililoyeyusha majembe ya kwanza ya ukoo, likapasuka vipande viwili.

Walikutana garini, kakakuona akiwa bado amejikunja chini. Mlekwa alinyoosha mikono mbele yake kama vitu vya mtu mwingine. Nyamizi akaipulizia pole pole, kama anavyompulizia Shija. Afande akatoa maji yake ya kunywa, akamwoshea Kalunde mgongo. Hakumtazama usoni, kwa kuwa alikuwa amemfokea.

Bibi Msagata ndiye aliyeshuka na kaniki.

"Afande," akasema, "kwetu kakakuona hapiti hivi hivi. Hufunikwa."

"Bibi, sheria hairuhusu. Natakiwa nimwachie porini."

"Utamwachia. Nimekukataza?"

Afande akafikiri. "Mimi nakwenda kukagua tairi la upande ule," akasema. "Nikirudi, mnyama awe huru." Akaenda kuchuchumaa upande wa pili wa gari, na tairi halikuwa na tatizo lolote.

Bibi akamfunika kakakuona. Wakangoja. Mwishowe kaniki ikatikisika, pua ndefu ikatokea, na yule mnyama akakunjuka. Akatembea kwa miguu ya nyuma, mikono ameifumbata kifuani kama mzee mwenye baridi. Akaingia upande usioungua. Hakugeuka.

Kijijini kwao kuna desturi moja. Kaniki iliyomfunika kakakuona hupewa mtu aliyemleta. Hulazwa mgonjwa juu yake, au hupokelewa mtoto juu yake, na watu wanaamini uhai hutulia hapo. Hupewa mtu mmoja, naye hukaa nayo maisha yake yote. Ikikatwa, ni kitambaa tu.

"Haya," Bibi akasema. "Nani amemleta?"

Nyamizi akaanza.

"Bibi, mimi nina Shija. Mnamjua. Bila mimi, nani angejua kuna mnyama?"

"Ulijua, ukakaa kimya," Mlekwa akasema. "Nilikuona. Ulipiga tawi kana kwamba unapiga nzi."

"Na wewe je? Nani alitega ule waya? Nimekusikia ukijisemea pale shimoni, 'huu wangu.' Unasahau mimi nasikia?"

Mlekwa akainamisha kichwa. "Ni wangu," akasema. "Mkono uliofunga ndio uliofungua. Kama si huu, asingefunguka. Lakini tazama, Nyamizi. Hivi vidole vitashika patasi tena? Nyumbani wanakula kutoka hapa." Akaangalia viganja. "Sikutaka kulisema la waya mbele ya Afande."

"Afande anakagua tairi," Bibi akasema.

Wakamgeukia Kalunde. Alikuwa ameketi chini, mikono imelala juu ya tumbo.

"Mimi msinihesabu," akasema. "Nimeunguza matanuri ya babu zenu."

"Nani kakwambia umeunguza?" Nyamizi akauliza.

"Niliambiwa nisibanduke. Ningebaki, paa lingekuwepo."

"Ungebaki, kakakuona angekufa, na sisi labda naye."

"Basi yote ni kweli," Kalunde akasema. "Kama kaniki ni ya asiye na kosa, mimi siiombi. Kama ni ya mwenye haja..." Hakumaliza. Hakukuwa na haja ya kumaliza, kila mtu alikuwa anatazama mikono yake juu ya tumbo.

Mlekwa akasema, "Mpeni Kalunde. Mke wangu atanilaani, lakini mpeni."

Nyamizi hakusema mpeni. Wala hakusema msimpe. Alikuwa analia. Alikuwa anamwona Shija karibu na jiko, na yeye yuko mbali, masikio yake hayafiki.

Afande akarudi. Bibi akamuuliza yeye kama mgeni asiye na upande. Afande akavua kofia.

"Bibi, mimi nimetumwa kulinda vitu viwili, wanyama na mahame. Leo nimepata kimoja na kupoteza kimoja. Mtu aliyenipatia ndiye aliyenipotezea. Usiniulize mimi."

Bibi Msagata akaikunja kaniki, akairudisha kikapuni. "Nitaitunza," akasema, "mpaka nijue." Wakapanda gari. Njia nzima Kalunde alimshikia Mlekwa kikombe cha maji ili anywe, na Nyamizi alimwekea Kalunde khanga yake mgongoni, kwenye majeraha, kiti kisimsugue.

Sasa na ninyi mnaonisikiliza, toeni majibu yenu. Asingesikia mmoja, kakakuona asingejulikana. Asingefungua mmoja, asingetoka. Asingebeba mmoja, angeungua. Lakini aliyesikia alichelewa kusema, aliyefungua ndiye aliyefunga, na aliyebeba aliacha kitu cha mababu kikaanguka. Mmoja ana mtoto anayeanguka, mmoja ana mikono isiyokunjika, mmoja ana mtoto ambaye hajafika. Kaniki ni moja na haikatwi. Wewe ungesimama ukampa nani, kisha ukawaangalia wale wawili machoni?

Kalunde alijifungua mvua za kwanza zilipoanza kunyesha, na kaniki ilikuwa bado nyumbani kwa Bibi Msagata.