Kiti Kilichomshika Kiboko

— Ngano, jamani, ngano!
— Ije, tumekaa!
— Mmekaa juu ya nini?
— Juu ya viti!
— Vya nani?
— Vya mafundi!
— Mmewalipa?
— Wewe simulia tu!
— Sisimulii bure mimi. Nikimaliza napata nini?
— Bakuli la karanga!
— Limejaa?
— Linamwagika!

Haya. Tusikilizane.

"Mia tisa!" Pimbi alikuwa anapiga kelele mlangoni kwa Kiboko. "Shilingi mia tisa, ndizo tulizopatana, na nazitaka leo. Si kesho, si mwezi ukiandama!"

"Mia tisa kwa kijiti hiki?" Kiboko akacheka, tumbo likatikisika, boi, boi, boi. "Kina nini cha maana? Hakina ua. Hakina kioo. Hakina hata msumari mmoja! Kiti gani hakina msumari?"

"Kiti kilichoungwa na anayejua kuunga! Na usikiwekee mguu, bado ni changu!"

"Kiti nimekichukua, hela sikupi. Nenda kashtaki."

Pimbi, kama hamumjui, ni mnyama mdogo wa majabalini. Ukimwona haraka haraka utadhani ni sungura aliyesahau masikio yake nyumbani. Mkia hana. Pembe hana. Hasira anazo, za kutosha wanyama watatu wa kimo chake. Useremala hakufundishwa na mtu: aliharibu mbao, akaharibu mbao, akaharibu mbao, mpaka siku moja zikaacha kuharibika. Na bei yake ni moja. Akitamka, ametamka.

Siku hiyo hakuwa anafoka kwa kupenda kufoka. Ili apate mbao ya mninga ya kiti hicho, alikuwa ameweka randa yake rehani kwa Nungunungu, muuza mbao. Nungunungu naye alimwambia waziwazi: "Fundi, jua likizama hujaleta hela, randa naiuza." Sasa jua lilikuwa limeshaanza kuteremka, na seremala asiye na randa ni mtu anayependa mbao tu.

Mambo yalianzia kwa Mama Kiboko. Nyumba yake mumewe aliijaza vitu kutoka duka la Tausi: makochi yaliyopakwa rangi ya dhahabu, meza za vioo, kabati lenye maua ya plastiki mpaka miguuni. Vilimetameta, vikavunjika. Kikivunjika kimoja, Kiboko ananunua viwili. Nyumba ikajaa, mtu akitaka kupita sebuleni anapita kwa ubavu kama kaa.

Mama Kiboko akachoka. "Baba," akasema, "mimi nataka kitu kimoja tu. Kimoja, kizuri, kikae miaka. Bibi yangu alikuwa na kigoda na kitanda, basi, na ukiingia kwake roho inatulia."

"Kimoja sawa," akajibu Kiboko, "lakini kitakuwa cha kukalia mimi."

Pimbi akaitwa, akaja na kamba yake. Desturi yake ni hii: mteja anajizungushia kamba nyuma mwenyewe, anafunga fundo kwa mkono wake mwenyewe, na mbao inakatwa kwa fundo hilo. Hapo hakuna wa kusema kapunjwa.

Kiboko akavuta pumzi. Akaingiza tumbo. Akaikaza kamba mpaka macho yakamtoka pima, akafunga.

"Pumua kwanza, bwana," akasema Pimbi.

"Nimeshapumua."

"Bwana, hilo fundo ni la mbuzi."

"Fundo ni langu! Kata hapo hapo!"

Pimbi akakata hapo hapo. Akachonga, akapiga randa, akapiga msasa. Kila ubao ukaingiza ulimi wake kwenye tundu la mwenziwe, ukakaza. Miguu minne iliyonyooka, mikono miwili ya kuegemezea viwiko, mgongo uliolala nyuma kidogo tu, kama mtu anayesikiliza. Ukipitisha kiganja, huoni pameungwa wapi. Chini, mahali pasipoonekana, akagonga kigingi kimoja cha mwisho kinachoshikilia vyote, akakisawazisha kwa randa hata chawa asingejikwaa.

Ndicho hicho kiti Kiboko alichokiwekea mguu.

Ndani kulikuwa na karamu. Nyati kaja na wakeze, Ngiri kaja na njaa yake, Twiga kachungulia dirishani kwa jirani maana la kwa Kiboko, kwa wingi wa vitu, halikuonekana lilipo. Pimbi akautazama mguu wa Kiboko. Akaitazama kamba yake, bado ina lile fundo. Hasira zikampoa ghafla. Na hasira za Pimbi zikipoa ghafla, jua kuna jambo.

Akaingia sebuleni. "Wageni, hamjambo? Samahanini nawakatisha mlo. Kiti cha bwana nakirudisha karakana. Sababu yenyewe ni ya aibu, sitaisema."

"Sema!" wakadakia wote.

"Aa, siwezi."

"Sema bwana we!"

"Hakimtoshi. Kanenepa."

"Hii, hii, hii!" Ngiri akacheka mpaka mchuzi ukampalia.

Kiboko akaja mbio, tindi, tindi, tindi. "Nani kanenepa? Mimi? Leta hicho kiti hapa!"

"Usijitese, bwana mkubwa. Kiri tu."

"Nimesema leta!"

"Basi tuwekeane sharti, wageni mashahidi," akasema Pimbi. "Ukae, kisha uinuke ukiache. Ukikiacha, kiti chako bure, sikudai senti. Usipokiacha, mia tisa yangu hapa mkononi."

"Nimekubali!" Bure kwa Kiboko ni neno tamu kuliko majani mabichi.

Akavuta pumzi. Akaingiza tumbo. Akashuka taratibu katikati ya ile mikono miwili. Kwii... kwiii... mpo! Akaingia.

"Mmeona?" akasema kwa sauti nyembamba.

"Tumeona," akasema Ngiri. "Sasa pumua."

Akapumua.

Loo! Akainuka, na kiti kikainuka. Akageuka, na kiti kikageuka. Akaruka, na kiti kikaruka, miguu minne ikielekea juu kama mkia wa mnyama ambaye bado hajaumbwa. Nyati akavuta huku, wakeze wakavuta kule. Wapi!

"Nitakivunja!" akanguruma Kiboko. "Kitu hakina msumari, kitanishinda?"

Akalikimbilia kochi la dhahabu, akajipiga nalo. Kraaa! Kochi chini. Na kiti?

— Kizima!

Akajipiga kwenye meza ya vioo. Chwaaa! Meza chini. Na kiti?

— Kizima!

Akajipiga kwenye kabati. Kiriri, puuu! Kabati chini, maua ya plastiki yakaruka mpaka kwenye sahani ya Ngiri, Ngiri akayala. Na kiti?

— Kizima!

Alipokwisha, hakukuwa na kitu cha Tausi kilichosimama. Kiboko akabaki katikati ya vumbi la dhahabu, amevaa kiti, anahema. Na kila akihema, kiti kinambana zaidi.

"Fundi," akanong'ona. "Nitoe."

"Mia tisa."

"Nitoe kwanza, nitakupa."

"Mia tisa."

"Mia tano sasa hivi, nyingine—"

"Bwana, mimi si muuza mchicha. Bei ilikuwa mia tisa umesimama, ni mia tisa umekwama. Sijaongeza. Usinipunguzie."

Mama Kiboko akaingia chumbani, akaleta mkoba wa mumewe, akahesabu mia tisa mbele ya mashahidi. Pimbi akazifunga kwenye kamba yake. Akajipenyeza chini ya kiti, akapapasa, akagonga mara moja. Tok! Kigingi kikatoka, mkono wa kiti ukalegea, na Kiboko akaanguka, puu!

Pimbi akaurudisha mkono mahali pake, akagonga kigingi. Kiti kikakaa sakafuni vilevile, hakina mchubuko.

Mama Kiboko akageuka huku na huku. Anatazama tu. Takataka za Tausi zilikuwa zimeshasukumwa nje na wageni, sakafu inaonekana, na jua la jioni limeingia mpaka kwenye mguu wa kile kiti.

"Kumbe sebule yetu ina dirisha," akasema.

Akakikalia. Akaegemea. Yeye kilimtosha sawasawa. "Fundi, nitengenezee meza moja na benchi moja. Zaidi ya hapo sitaki kitu humu ndani."

"Na kiti cha bwana?"

"Kitakuja. Ila fundo nitafunga mimi."

Pimbi akatimua mbio, pi, pi, pi, pi, akafika kwa Nungunungu jua limebaki kipande kama cha chungwa. Jioni hiyo randa yake ililala kwao.

Funzo? Mnalitaka? Funzo ni hili: mwenye nyumba, vikimbie vitu vya mafundi wanaojua kazi. Nunua vya kumetameta. Kochi bovu lina huruma: ukilikalia linavunjika, unakwenda zako. Kiti kizuri hakikuachii. Na fundi akikupima, ingiza tumbo, kisha umdhulumu. Utapata karamu ya kukumbukwa ukoo mzima.

Ngano yangu nimeshaichonga. Maranda yake fagieni wenyewe.

— Ahsante, babu, lala salama!
— Lala salama nini? Hili bakuli limefika nusu. Mlisema linamwagika. Leteni karanga zangu.