Salamu ya Mtu Aliyeinamisha Uso

Ndugu yangu, soma hii taratibu. Ukimaliza, mtumie yeyote ambaye nyumbani kwao kuna mgonjwa.

Kule Rungwe alikuwepo mkulima wa chai aitwaye Ambakisye. Watu walimsifu kwa jambo moja: mgeni hakuwahi kuingia kwake akasalimiwa na mtu aliyekaa. Hata mtoto wa jirani akitumwa kuomba chumvi, Ambakisye alisimama, akamtazama usoni, ndipo akamsalimia.

Jicho lake la kushoto lilikufa zamani. Sasa na la kulia likaanza kuingia giza. Hospitalini wakamwambia tabaka la nyuma ya jicho limebanduka. Daktari akampasua, akalirudisha mahali pake, kisha akaweka kiputo cha gesi ndani ya jicho.

"Mzee, kiputo hiki hupanda juu siku zote," daktari akamweleza. "Ukitazama chini, kitakandamiza pale nilipobandika mpaka pashike. Ukiinua uso, kitaondoka. Kwa hiyo kula ukitazama chini, lala ukitazama chini, sali ukitazama chini, mpaka nikuruhusu."

"Hilo la kusali nalijua," Ambakisye akasema.

Nyumbani, mkewe Tusekile akakaza kanga kati ya viti viwili mbele ya kitanda. Ambakisye akalala kifudifudi, paji la uso likiegemea kanga ile, jicho likitazama sakafu.

Wageni wakaanza kuja. Wa kwanza alikuwa shemeji yake, mtu wa utani.

"Shemeji, umeangusha nini huko chini? Sema tukusaidie kutafuta!"

Ambakisye akacheka, akajisahau, akainuka kumpa mkono.

"Baba Tumpe, uso!" Tusekile akapiga kelele.

Alipopelekwa kupimwa, daktari akamwambia, "Pembeni pameanza kulegea. Ukiinuka tena, mzee wangu, sitakuwa na la kufanya."

Jumapili akaja Gwamaka, kaka yake mkubwa, aliyemlea baada ya baba yao kufariki. Alikuwa na koti lake la kanisani. Akasimama mlangoni.

"Shikamoo, kaka," Ambakisye akasema, akitazama sakafu.

Gwamaka hakuitikia. "Nimetoka kote huko Kyela kuja kusalimiwa na kisogo?"

"Nisamehe, kaka. Nimekatazwa kuinuka."

"Hata kwangu? Basi leo umekuwa mkubwa wewe."

Maneno yale yalimchoma. Shingo ikataka kuinuka yenyewe. Mimi ninayeandika, naogopa ningeinuka, maana napenda mno kusifiwa adabu. Lakini Ambakisye alishika miguu ya viti, akamwomba Mungu kimoyomoyo, akabaki vilevile.

Viatu vikatoka nje. Tusekile akaanza kulia.

Baada ya muda viatu vikarudi. Magoti ya kizee yakalia, kitu kikajikokota sakafuni. Mara, pale Ambakisye alipokuwa akiona udongo tu, ukatokea uso. Gwamaka alikuwa amelala chali chini yake, na koti lake, pua karibu iguse pua.

"Nimefika nje nikaona migomba yote," Gwamaka akasema. "Nikaona na njia ya kurudi kwangu. Nikajiuliza, mdogo wangu yeye, jicho hili likifa, ataona nini? Haya, nisalimie sasa."

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

Chozi la Ambakisye likamdondokea Gwamaka shavuni.

"Angalia, hili koti la kanisani!"

Wakacheka wote wawili, na uso haukuinuka.

Jicho lilipona. Siku Ambakisye aliporuhusiwa kuinua uso, Gwamaka alikuja tena. Ambakisye akasimama wima, akamtazama usoni, akamwamkia. Kisha akaona mgongo wa lile koti bado una udongo wa sakafu, akanyoosha mkono kuupangusa.

"Uache," Gwamaka akasema. "Naingia nao kanisani. Wakiniuliza, nawasimulia."

Funzo: Ukienda kumjulia hali mgonjwa, usimtake ainuke akufikie ulipo. Shuka wewe, umsalimie pale alipo.