Baiskeli ya Nesi Nakijwa

Usichoweza kukibeba, kisikubebe. Mmemsikia shangazi yenu akimtupia Tunu neno hilo jikoni kwa ajili ya yule mchumba wake mwenye makuu, mkacheka, halafu mmekuja kuniuliza ni wahenga gani waliolitunga. Wahenga! Methali nyingine zina umri mdogo kuliko meno yenu. Hii niliiona ikizaliwa, na aliyeizaa ni ndugu yangu wa tumbo moja. Kaeni basi, na anayetaka kuchezea simu atoke nje. Chanzo chake ni baiskeli.

Ndugu yangu huyo, Mbazi Kajiru, alikuwa fundi baiskeli hapa Mfinga kwa miaka thelathini na minne. Aligonga fremu kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akakwambia itavunjikia wapi, na kweli ikavunjikia hapo hapo. Sifa hizo zilimlevya kidogo, nisiseme uongo. Tena alikuwa amekulia kwenye zile baiskeli za zamani za chuma kizito, zilizoshusha magunia ya tangawizi milimani, na kwake yeye uzito ndio uimara. Kitu chepesi alikiita bati.

Wakati huo nesi wa zahanati ya Ikongwe, huko ng'ambo ya mto, alikuwa Nakijwa, mwanamke mwembamba mwenye sauti ndogo. Alihudumia vitongoji vinne kwa miguu. Kila asubuhi alipanda kwenda zahanati, na akitoka kazini ndipo anaanza njia za mlimani kuwatazama waja wazito. Tulimwonea huruma. Tukachanga, kila kaya kwa uwezo wake, anunuliwe baiskeli ya umeme ya milimani, japo ya bei ya chini. Nani akachague? Hata hatukuulizana. Kajiru.

Kabla hajaondoka, Nakijwa alimfuata kibandani kwake na ombi moja tu. Alisema, "Fundi, nichagulie ninayoweza kuibeba. Pale mtoni ni mawe matupu, lazima niinyanyue." Kajiru akacheka, akamjibu kwamba baiskeli ndiyo hubeba mtu, mtu habebi baiskeli. Nesi naye akacheka, kwa adabu.

Dukani kule Same alikuta mbili ambazo pesa yetu iliziweza. Moja ilikuwa nyembamba, ina mota ndogo, nawe lazima ukanyage pedali ikusaidie. Ya pili ilikuwa na matairi manene, betri kubwa, taa kama ya pikipiki, na uzito wa madebe mawili ya mahindi. Binti mwenye duka alimwambia kwa heshima kwamba watu wa milimani huchukua ile nyembamba. Ndugu yangu akaigonga fremu, akakunja uso. Kisha akaipanda ile nene na kuijaribu barabarani. Sasa barabara ya Same ni tambarare, ina lami. Ikaruka naye, upepo ukamjaa shati, mzee wa miaka sitini akarudi amekenua meno. Hakukumbuka mto wala mawe. Akalipa, ikapakiwa kwenye gari la mizigo, na siku aliyoileta tulimpigia vigelegele. Mimi nilikuwa wa kwanza.

Kwa miezi mitatu tuliona tumefanya jambo la maana. Ukingoni mwa mlima Nakijwa alipita mbio, watoto wakimpungia. Lakini mtoni alikuwa akisimama na kungoja wapita njia wamsaidie kuivusha. Siku moja alikuja kibandani, akauliza taratibu kama haiwezekani kupunguzwa uzito. Kajiru alimwambia atazoea. Ndivyo alivyomjibu, na jibu hilo ndilo linalomla mpaka leo.

Naetwe, binti yake pekee, alikuwa amerudi nyumbani kujifungua mtoto wa kwanza. Mama yake alishafariki, kwa hiyo nilikuwa naye mimi. Uchungu ulianza Jumapili asubuhi, wiki mbili kabla ya siku zake, ukaja kwa kasi hata kumfikisha zahanati hakukuwezekana. Kajiru akampigia nesi simu. Nakijwa akasema anakuja, sindano ya kuzuia damu anayo mkobani, na kwa baiskeli hatakawia nusu saa.

Mtoto alizaliwa salama, akalia. Lakini damu haikukoma. Nilibadilisha kanga ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nusu saa ikapita, na saa nzima ikakaribia. Naetwe alikuwa akiniuliza kama nesi amefika, nami namwambia yuko mlangoni. Kajiru hakuweza kuvumilia, akashuka mtoni.

Alimkuta Nakijwa amelala kati ya mawe, maji yakimpita kiunoni, baiskeli imemlalia mguu. Jumapili ile watu wote walikuwa kanisani, hakuna aliyepita wa kumsaidia, naye akaona akingoja, au akiiacha apande mlima kwa miguu, mgonjwa atamfia. Akainyanyua peke yake. Ikamshinda, ikamwangusha, ikamvunja muundi wa mguu. Simu ilikuwa imezama majini, naye alikuwa amepiga kelele mpaka sauti imekauka. Mkoba alikuwa ameushikilia juu, usilowe.

Kajiru alishika fremu kwa mikono miwili na kuvuta. Haikunyanyuka. Alivuta tena, ikateleza na kumrudia yule mama mguuni. Mara ya tatu ndipo alipoisukuma pembeni.

Nakijwa alimwambia, "Fundi, nilikuomba ninayoweza kuibeba."

Hakumgombeza. Alisema kama mtu anayekumbusha.

Kajiru akajibu, "Uliniomba, mama. Nilikusikia."

Akamwomba ampe sindano akimbie nayo. Nesi akamuuliza kama anajua kuichoma, na baada yake afanye nini. Hakujua. "Basi nibebe," akasema.

Akambeba. Mlima ule mnaujua, hata nyinyi vijana husimama mara mbili mkiupanda. Yeye na miaka yake sitini aliupanda na mtu mgongoni, mguu wa yule mama ukining'inia, mkoba kifuani, na hakupumzika. Baadaye aliniambia kitu kimoja tu kuhusu safari ile: kwamba Nakijwa alikuwa mwepesi.

Walipofika uani, mimi nilikuwa nje. Nimekaa chini, mtoto mapajani. Kajiru aliniangalia, akaangalia mlango. Alimshusha nesi taratibu kwenye mkeka, kana kwamba bado kuna haraka ya jambo fulani, kisha akasimama tu pale, mikono imebaki nyuma namna alivyokuwa amembeba.

Siku ya mazishi mwenyekiti wa kitongoji alisimama kutufariji. Akasema tusikate tamaa, tutachanga tena, tutafute baiskeli yenye mota yenye nguvu zaidi. Alikuwa na nia njema, maskini. Kajiru akainuka pale alipokaa, karibu na kaburi la mwanawe.

"Usichoweza kukibeba," akasema, "kisikubebe."

Akaketi. Tangu siku hiyo hajashika spana, na kibanda chake mnakiona, mchwa wanakimaliza. Nakijwa alihamishwa, nasikia anachechemea. Baiskeli ilibaki mtoni mpaka mafuriko yalipoichukua, na nilifurahi.

Yule mtoto ndiye Sifaeli, huyo mnayecheza naye. Mnamcheka kwamba ana miaka saba na bado babu yake humvusha mto mgongoni kila asubuhi akienda shule. Mimi nilishamwambia Kajiru amwache, mtoto ana miguu yake, na yeye mwenyewe mgongo umekwisha. Akanijibu kwamba anataka kujua kila siku kama bado anaweza.

Sasa nendeni. Na mkikutana na Kajiru njiani, msilitamke neno hilo mbele yake kwa mzaha, maana nyinyi mmelipata bure: usichoweza kukibeba, kisikubebe.