Kwa Nini Watu wa Luhanzi Huombana Moto Wakati wa Kipupwe

Zamani sana, mlima huu wetu wa Luhanzi ulipokuwa na nyumba chache, hakuna mtu aliyekwenda kwa jirani yake kuomba moto. Kila nyumba ilikuwa na moto wake, na moto huo ulitunzwa kama mtoto mchanga. Uliwashwa siku mke alipoingia nyumbani, ukafunikwa majivu kila jioni na kuchochewa kila alfajiri, na ilitakiwa usizimike mpaka wenyewe waage dunia. Nyumba iliyozimikiwa moto ilidharauliwa. Watu walisema wenyewe ni wavivu au wana mkosi, na binti zao walichelewa kuposwa.

Na kipupwe chetu mnakijua. Ulezi ukishavunwa, ukungu hupanda kutoka mabondeni ukakaa juu yetu. Unafungua mlango asubuhi huuoni hata mti ulio mbele ya nyumba yako. Jua linaweza kupotea siku nyingi mfululizo, na mchana hufanana na alfajiri isiyotaka kukucha. Wazee wa wakati ule walikuwa na njia moja tu ya kukivuka kipupwe: walijifungia. Kila familia iliingiza ndani kuni zake, ulezi wake na maharage yake, ikafunga mlango, ikangoja jua lirudi. Aliyeonekana akizunguka nje katika ukungu alidhaniwa hana chakula kwake.

Lakini ndani ya nyumba hizo kulikuwa na jambo lisilosemwa. Wapo watu ambao ukungu uliwaingia moyoni. Mtu mchangamfu alianza kulala mno na kuamka amechoka. Chakula kilimkinai, maneno yakampungua, akawa anakaa ametazama ukuta. Jua liliporudi, naye alirudi, na hakuna aliyeuliza alikuwa wapi. Kwa kuwa milango ilikuwa imefungwa, kila nyumba ilidhani jambo hilo liko kwake peke yake. Basi kila nyumba ililificha.

Wakati huo aliishi hapa kijana mmoja aliyeitwa Ngailo, mtu mpole na mchapakazi. Alioa mwanamke kutoka nchi tambarare kule chini, kwenye jua kali na ng'ombe wengi. Mwanamke huyo aliitwa Semgaya. Alikuwa mwepesi wa kucheka, na alikuwa akiimba wakati wa kusaga ulezi hata watu waliopita njiani wakapunguza mwendo. Mwaka wa kwanza aliushangaa ukungu kama mtoto. Aliuchota kwa mikono, akamwambia mumewe kwamba kwao watu wasingeamini.

Mwaka wa pili ukungu ulipokaa, nyimbo zilikatika. Ngailo alidhani ni uchovu, maana walikuwa wamepata mtoto wa kike, angali ananyonya. Lakini Semgaya aliamka amechoka na kulala amechoka. Uji ulikuwa kama majivu mdomoni. Mtoto akilia, alimsikia kana kwamba analia ng'ambo ya mto, na ilimlazimu ajisukume ili amfikie. Ngailo akaleta mganga. Mganga akachanja, akafukiza, akachukua kuku wake akaenda. Halikubadilika kitu. Kisha jua likatoka, na kabla mahindi mapya hayajachipua, Semgaya alikuwa anaimba tena. Ngailo akamsifu mganga kwa kila mtu.

Semgaya hakumsifu. Mwaka mzima alikuwa akitazama mabonde. Siku ya kwanza ukungu ulipojikunja kule chini, alimshika mumewe mkono.

"Inakuja tena," alisema.

"Nini inakuja?"

"Ile ya mwaka jana."

Ngailo akacheka kidogo, kwa woga zaidi kuliko kwa furaha. "Mke wangu, usiite jambo baya kwa jina. Kula vizuri, lala vizuri. Itapita."

Aliyasema hayo kwa upendo, maana ndivyo alivyofundishwa. Naye Semgaya akanyamaza, kwa kuwa hakuwa na jina la kuliita jambo lenyewe.

Mwaka huo kipupwe kilikuwa kirefu. Chumvi ikawaishia, na Ngailo ikambidi ateremke bondeni na mzigo wa ulezi kuubadilisha kwa chumvi nyingine. Alipasua kuni za kutosha, akazipanga karibu na mafiga, akaondoka huku akigeuka nyuma mara kwa mara mpaka ukungu ukamficha.

Semgaya akabaki na mtoto. Kuni zilikuwa pale, umbali wa mkono tu kutoka kitandani. Alizitazama. Alijua kwamba moto unahitaji kuchochewa, na alijua namna ya kuuchochea, ila kati ya kujua na kuinuka palikuwa na mlima mwingine. Alijiambia atainuka baada ya kitambo. Asubuhi moja aliamka kwa sababu mtoto alikuwa ameacha kulia. Akamgusa miguu, akaikuta baridi kama mawe ya mtoni. Akapeleka mkono kwenye majivu, nayo yalikuwa baridi vilevile.

Hapo ndipo hofu ilipofanya kazi ambayo nguvu zake zilishindwa kuifanya. Alimfunga mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, akajifunika kaniki juu yake. Akaokota kigae cha chungu kilichovunjika, akafungua mlango. Alisimama pale kizingitini muda mrefu. Kuomba moto lilikuwa jambo la aibu kuliko kuomba chakula. Angetajwa kwa jambo hilo mpaka uzeeni, na mtoto wake baada yake. Lakini mtoto alikuwa ananyonya kwa udhaifu sana. Semgaya akatoka.

Nyumba ya jirani ilikuwa ya mjane mmoja aliyeitwa Sekinyaga. Alikuwa mwanamke mwenye ulimi mkali, na Semgaya alimwogopa. Akaifuata njia kwa kupapasa ua kwa mkono, kwa kuwa macho hayakuwa na kazi. Akapiga hodi. Kimya. Akapiga tena, kisha akasukuma mlango.

Ndani kulikuwa giza. Aliita, na sauti ikamjibu kutoka sakafuni.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, bibi. Mke wa Ngailo. Samahani. Nimekuja kuomba moto."

Yule mzee akasikika akijigeuza. Kisha akasema, "Umekosea nyumba, mwanangu. Hata hapa hakuna."

Semgaya alipozoea giza alimwona. Sekinyaga alikuwa amelala kando ya mafiga yaliyopoa, amejikunyata ndani ya ngozi ya mbuzi. Chungu cha maharage kilikuwa kimekauka, na kuni zake zilikuwa zimepangwa vizuri ukutani, hazijaguswa.

"Unaumwa, bibi?"

"Siumwi popote."

"Sasa una nini?"

"Ningejua ningekwambia. Tangu nikiwa msichana, ukungu ukikaa, mimi nakaa. Marehemu mume wangu alikuwa ananiamsha kwa nguvu. Sasa hayupo." Akamtazama vizuri, akaona kigae mkononi na uso wa yule binti. "Na wewe?"

Semgaya akashuka akakaa chini, akalia. Sekinyaga hakumbembeleza, hakuwa mtu wa kubembeleza. Alingoja tu. Kisha akajikokota mpaka karibu naye, akaweka mkono juu ya mgongo wa mtoto.

"Nilidhani niko peke yangu," alisema. "Miaka yote hii. Haya, nisaidie kusimama. Mtoto huyu hawezi kungoja sisi wawili tumalize kulia."

Wakatoka pamoja, mmoja mdhaifu kwa uzee na mwingine kwa huzuni, wakapanda kuelekea nyumba ya Mkongwa. Yeye ndiye alikuwa mkuu wa mlima, na nyumba yake ilikuwa juu kuliko zote. Njiani Sekinyaga aliteleza, na Semgaya akamshika. Mbele kidogo Semgaya alisema hawezi kuendelea, na Sekinyaga akamwambia kwamba naye hawezi, kwa hiyo afadhali wasiweze huku wanatembea. Walipokaribia kileleni ukungu ulianza kupungua. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi waliona vivuli vyao, hafifu, vikitembea mbele yao kwenye majani.

Mkongwa mwenyewe ndiye aliyefungua mlango. Aliona kigae. Aliwatazama wanawake hao wawili, na uso wake ukawa mgumu, maana alidhani ameletewa aibu mlangoni.

"Tumezimikiwa moto, baba," alisema Semgaya.

"Nyumba zote mbili," akaongeza Sekinyaga. "Na usituulize kuni. Kuni tunazo. Mikono ndiyo iliyokataa."

Mkongwa akawapisha waingie. Mkewe alikwisha kumchukua mtoto na kumweka karibu na moto, akimsugua miguu kwa mafuta ya ng'ombe. Uji ukatengwa. Wanawake wakanywa polepole, na mtoto akaanza kulia kwa sauti ya kweli, sauti ya mtoto mwenye njaa na hasira, na hakuna sauti nyingine iliyowahi kupendeza zaidi katika nyumba ile.

Ndipo Mkongwa akasema, akiwa ametazama mlango, "Mdogo wangu Lukelo hakupotea njia."

Mkewe akainua kichwa. Watu wote wa mlima walijua habari za Lukelo. Alitoka katika ukungu zamani, akaonekana baadaye chini ya genge, na familia yake ilisema amepotea njia.

"Alikuwa hivyo hivyo mnavyosema," Mkongwa aliendelea. "Kuni zipo, mikono inakataa. Aliniambia. Nikamwambia akale vizuri, akalale vizuri." Akaonyesha nje kwa kidevu. "Njia hii aliijua kuliko mimi."

Sekinyaga akasogeza kigoda chake karibu na cha Mkongwa, na hilo kwa mwanamke kama yeye lilikuwa neno kubwa.

Mchana jua lilipenya kidogo pale juu. Mke wa Mkongwa akatoa vigoda nje, wakakaa wote wakiota jua hilo dhaifu, mtoto akiwa katikati yao. Hapo ndipo Ngailo alipowakuta. Alikuwa amerudi na chumvi yake, akakuta mlango wazi na majivu baridi, akapanda mlima mbio huku akiita. Alipomwona mkewe yu hai, alikaa kwenye majani. Kisha woga wake ukageuka hasira, kama ilivyo kwa watu.

"Umeuachaje moto ukazimika?"

Semgaya akamjibu kwa upole. "Usiniulize moto, mume wangu. Niulize nimeamkaje."

Ngailo akataka kusema zaidi, lakini akamwona Mkongwa akimtazama, na macho ya mzee yalikuwa mekundu. "Umeamkaje, mke wangu?"

"Vibaya sana," alisema. Akamweleza yote, mbele ya watu, naye akasikiliza mpaka mwisho.

Walipoondoka, kila mwanamke alibeba kaa la moto katika kigae. Sekinyaga alimwambia Semgaya, "Kesho asubuhi uje kwangu kuomba moto."

"Lakini moto ninao sasa, bibi."

"Najua. Uje tu. Kesho kutwa nitakuja kwako mimi."

Wakafanya hivyo. Siku nyingine Semgaya alitembea njia ile akilia, na siku nyingine alikaa kwa Sekinyaga bila kusema lolote. Mke wa Mkongwa akajiunga nao, na Mkongwa akatangaza mlima mzima kwamba wakati wa ukungu kuomba moto si aibu tena. Watu walinung'unika. Lakini kidogo kidogo milango ikaanza kufunguka, na katika nyumba nyingi kuliko mtu yeyote alivyodhani, alikuwemo mmoja aliyekuwa akitazama ukuta.

Sitawadanganya kwamba uzito ule uliisha. Semgaya aliishi mpaka akawa bibi, na kila mwaka ukungu ulipokaa, nao ulimjia. Kuna miaka ulikuja kidogo, kuna miaka ulimlaza kabisa. Lakini haukumkuta tena peke yake, na alijua kuwa una mwanzo na una mwisho. Kipupwe kikiisha aliimba.

Na tangu mwaka huo, sisi wa Luhanzi huombana moto wakati wa kipupwe. Anayeomba hapewi kaa mlangoni. Huingia, hukaa, huulizwa ameamkaje, na hujibu kweli. Nyumba ambayo haijaomba wala kuombwa mpaka ukungu wa asubuhi unapopungua, watu huiendea wenyewe na moto mkononi, na hawaondoki mpaka mlango umefunguliwa. Na siku jua linapopenya, hata kama ni kwa kitambo tu, vigoda hutolewa nje na kazi husimama.

Wageni hutushangaa. Mwaka mmoja alikuja mwalimu wa kike kutoka mjini, akapanga nyumba jirani na yetu. Kipupwe kilimkuta hapa peke yake, na baada ya muda tukaona haonekani isipokuwa wakati wa kwenda darasani. Mama yangu akachukua kigae, akaenda kupiga hodi, akaomba moto. Mwalimu akamwonea huruma, akamletea kiberiti kizima, kipya, akamwambia achukue tu, asirudishe. Mama akakipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Kisha akavuta kigoda, akakaa.