Mkia Mmoja, Washika Mkia Watatu

Hapo zamani, tena si zamani ile ya majitu na wafalme, ni zamani ya juzijuzi tu, watu wana simu mfukoni na viatu vya mbio miguuni, palikuwa na mji mmoja katikati ya nchi, mji wa vumbi jekundu, upepo na zabibu. Kila mwaka mji huo ulikuwa na marathoni yake. Wenye mapafu walikimbia ile ndefu, watu wa kawaida walikimbia nusu yake. Na hiyo nusu, ndugu zangu, ukiisikia umekaa kitini utaiona fupi.

Katika mji huo alikaa mama mmoja jina lake Damari, mpishi wa shughuli. Harusi aliitwa yeye, kipaimara aliitwa yeye, matanga aliitwa yeye. Siku moja alipanda bodaboda kwenda kununua mchele, bodaboda ikateleza, paja lake likavunjika. Akalazwa. Akatiwa vyuma. Akarudi nyumbani kwa magongo, na jiko lake akalishika mdogo wake, Eliwaza.

Mguu ukapona, magongo yakatupwa. Damari akaenda kudai jiko lake. Eliwaza akakataa.

"Dada, sikunyimi," alisema. "Naogopa. Ile mara uliyojaribu kurudi, mguu ulikufa ganzi umeshika karai la mafuta ya moto. Watoto walikuwa wanacheza palepale. Yangemwagika, leo tungekuwa tunazungumza nini?"

Damari alijua ni kweli.

"Basi nifanye nini uniamini?"

"Nionyeshe unaweza kushinda juani kwa miguu yako. Usikae, usibebwe, usishikwe mkono. Siku hiyo uchukue jiko lako, mimi nitakumenyea vitunguu."

"Marathoni ni mwezi ujao," alisema Damari. "Nitakimbia ile nusu."

Eliwaza alicheka, akidhani ni utani. Dada yake hakucheka.

Sasa, mwaka huo mwenyekiti wa mbio alikuwa Mzee Mbijima, mfanyabiashara wa mifugo, mtu mwenye maneno. Miaka ya nyuma walioshika mkia walizomewa vibaya, mpaka wakawa wanajificha ndani ya gari la kuokota, lile linalofuata nyuma kuzoa waliochoka. Jambo hilo lilimkera sana. Asubuhi ya mbio akapanda jukwaani na kondoo dume, mkia wa mafuta umejaa, unatikisika.

"Wa kwanza ana zawadi yake," alitangaza. "Na mwaka huu atakayeshika mkia wa nusu marathoni, nitamkabidhi mkia. Kondoo huyu ni wake. Ila awe amemaliza kwa miguu yake, kabla ya kengele ya saa sita. Waliomo garini hawana kondoo."

Watu wakaangua kicheko. Mwanajeshi mmoja mstaafu aitwaye Nehemia, kifua mbele, akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Kondoo huyo mimi nitamwona kwenye picha." Pembeni yake kijana Chiduo, mwenye mbio kuliko vijana wote wa mtaa wake, aliitazama barabara tu. Alikuwa anarukaruka kupasha misuli moto. Damari alisimama pembeni kabisa. Kondoo hakumwaza. Aliliwaza paja lake.

Filimbi ikalia, wakakimbia. Nehemia akatoka kama mtu aliyechokoza nyuki. Chiduo akampita Nehemia. Wote wakampita Damari. Wenye vitambi wakampita. Waliokuwa wakijipiga picha huku wanakimbia wakampita. Mama mmoja ambaye hata hakuwa kwenye mbio, anakwenda zake sokoni na mtoto mgongoni, naye akampita, akamwambia pole. Kabla jua halijakolea, nyuma ya Damari hapakuwa na mtu. Palikuwa na gari la kuokota.

Dereva wake, Lameki, akatoa kichwa dirishani.

"Mama, panda."

"Sipandi."

"Kuna kiti kizuri, kina hata foronya."

"Kikalie mwenyewe."

Akaenda, Damari. Kila shimo la barabara lilimtisha. Kila mteremko aliushuka kiubavu. Mara anatembea, mara anajikongoja kidogo ili naye asije akaambiwa hakukimbia. Gari nyuma yake, polepole, hon, hon.

"Mama, panda."

"Sipandi."

Karibu na kiwanda cha mvinyo alimkuta Nehemia. Kifua hakikuwa mbele tena. Alikuwa amekaa ukingoni mwa barabara, shavu la mguu limekaza kama jiwe, anasaga meno.

"Umebanwa na msuli?"

"Nimekwisha, mama. Nasubiri gari."

"Nyoosha mguu."

"Basi kaa kwanza hapa kivulini, upumzike na wewe."

"Nikikaa nimepoteza jiko langu," alisema Damari, akainama bila kukaa, akaanza kumkanda ule mguu kama anakanda unga wa chapati. Huku anakanda, anamsimulia. Bodaboda, vyuma, karai la mafuta, Eliwaza na sharti lake. Muda ulikuwa unakwenda na alijua kuwa unakwenda, lakini hakuwa mtu wa kupita mwenzake anayeumia.

Gari likafika. "Mama, panda. Afande, panda."

Nehemia alikitazama kile kiti chenye foronya. Akamtazama mama mwenye vyuma pajani aliyejikunja juu ya mguu wake. Aibu ikamshika, ikamwinua.

"Sipandi," akasema naye.

Wakawa wawili. Na Chiduo je? Chiduo huyo mwenye mbio yuko wapi? Ngojeni, maana hapa ndipo mtu unapoweza kucheka au kulia, uchague mwenyewe.

Chiduo alikuwa miongoni mwa wa mbele kabisa. Akafika kwenye njia panda, na yule aliyewekwa pale kuonyesha njia alikuwa ameondoka kidogo kwenda kunywa chai. Chiduo akatupa macho kulia, akaona migongo ya watu wenye fulana za kijani, wanakimbia kwa mpangilio, wanaimba mchakamchaka. Akajiambia, hao ndio wanaoongoza. Akawafuata. Wakaingia vichochoroni, akaingia. Wakavuka reli, akavuka. Wakaimba, akaitikia. Alishangaa tu kwamba watu wanaoongoza marathoni wana pumzi ya kuimba kiasi kile. Mwishowe wakaingia uani kwa mtu, wakakaa kwenye mabenchi, na mama mmoja akamkabidhi Chiduo bakuli la supu ya kongoro, akamuuliza kama yeye ni mwanachama mpya.

Ilikuwa klabu ya jogging ya mtaa ule. Kila Jumamosi hukimbia kwa afya zao, na mbio zao huishia kwenye supu. Marathoni hawakuwa na habari nayo.

Kuikataa supu mbele ya wenyeji kungekuwa ujeuri. Chiduo akainywa, kwa haraka, akiungua ulimi, akaaga, akarudi mbio. Akaivuka reli, akavipita vichochoro, akarudi njia panda. Barabara ilikuwa tupu. Mbele yake aliona gari moja tu, na mbele ya gari watu wawili.

"Shikamooni," aliwaamkia alipowafikia, anahema. "Walioko mbele wako wapi?"

"Marahaba mwanangu," alisema Damari. "Wako nyumbani wanaoga."

Chiduo alitaka kulia. Alikuwa na uwezo wa kuwaacha wale wawili pale pale, lakini aende wapi, na kwa nani? Kuingia uwanjani peke yake, yeye mkimbiaji wa mtaa, saa ile, aeleze kwamba alikuwa anakunywa supu? Akapunguza mwendo, akatembea nao. Walipomweleza habari ya jiko, akaacha kabisa kujihurumia.

Wakawa watatu. "Pandeni," akasema Lameki. "Hatupandi," wakasema. Lameki naye kufikia hapo alikuwa anasema kwa mazoea tu. Moyoni alikuwa anawaombea wasipande.

Wakaingia uwanjani. Kamba ya mwisho wanaiona. Mzee mmoja amesimama karibu na rimu ya gari iliyoning'inizwa kuwa kengele, nondo mkononi, anaitazama saa yake. Na Eliwaza amesimama penye kamba, viganja mdomoni.

Hapo mguu wa Damari ukafa ganzi.

Ule ule, kwa namna ile ile ya siku ya karai. Akasimama. Akauambia uende, haukwenda. Hakuogopa kuanguka. Aliogopa kwamba mdogo wake alikuwa na haki tangu mwanzo, na kwamba maisha yake yote yaliyobaki atakuwa mtu wa kuletewa chakula sahanini na kuambiwa pumzika.

Nehemia alinyoosha mkono, akaurudisha.

"Usinishike," alisema Damari.

"Sikushiki."

Akajipanga nyuma yake, mikono ameitanua pande zote mbili, hamgusi, kama mzazi anavyomfuata mtoto anayejifunza kusimama. Chiduo naye akaruka mbele yake, akamgeukia uso kwa uso, akaanza kwenda kinyumenyume na kuimba kwa ile sauti ya mchakamchaka aliyotoka nayo kwenye supu.

"Kushoto upo?"

"Upo," aliitikia Nehemia.

"Kulia upo?"

"Upo."

Damari akalipigapiga paja ngumi. Kushoto kukaja. Kulia kukaburuzika, kukaja. Na watu majukwaani, wale wale wa kuzomea miaka yote, wakaitikia. Kushoto upo? Upo. Kulia upo? Upo. Uwanja mzima ukawa unamhesabia miguu mama mmoja, hakuna aliyecheka. Damu ikarudi, ganzi ikapungua, hatua zikarefuka. Chiduo alipoikaribia kamba akajitoa pembeni ampishe. Damari akavuka. Nehemia akavuka nyuma yake. Chiduo akavuka nyuma ya Nehemia. Mzee wa rimu akagonga, kengele ya saa sita ikalia.

Eliwaza alikuwa ameshamfikia. Walikumbatiana, na ule mzigo aliokuwa nao Damari tangu siku ya bodaboda ukamtoka wote kwa mara moja. Akalia bila kujificha. Akacheka katikati ya kilio. "Nimesimama," alikuwa anasema, "mdogo wangu, umeona, nimesimama." Na Eliwaza anajibu, "Nimeona, dada. Nimeona. Nisamehe." Furaha yao iliwaliza hata wasiowajua.

Ndipo likaja suala la kondoo.

"Ni wangu," alisema Chiduo. "Tangazo lilisema wa mwisho. Mguu wa mwisho kuvuka kamba ni huu hapa. Tena mimi nimekimbia njia ndefu kuliko yeyote."

"Wewe ulikuwa unakunywa supu," alisema Nehemia. "Mwenye mbio akipotea haitwi wa mwisho, anaitwa aliyepotea. Mimi nguvu zilinirudia barabarani. Ningeweza kumpita mama na kumaliza mbele yake. Nilibaki nyuma makusudi, mimi niliyejigamba asubuhi, nikavuka nyuma ya mwanamke mbele ya vijana niliowafundisha kwata. Kushika mkia kwangu kumenigharimu heshima. Kwako kumekugharimu nini?"

"Kumenigharimu ushindi," alisema Chiduo.

Lameki akashuka kwenye gari. "Mimi ndiye shahidi. Tangu asubuhi mpaka saa hii, aliyekuwa mbele ya bampa yangu ni mama huyu. Hawa wawili wamekuja kuushika mkia njiani. Yeye ameushika tangu mwanzo. Na kama si yeye, huyu afande ningekuwa nimemleta kwenye kiti chenye foronya. Ingawa kwa kweli," akaongeza, "wa mwisho kabisa kuingia uwanjani ni mimi." Watu wakamwambia mwenye magurudumu manne anyamaze.

"Na wewe mama unasemaje?" aliuliza Mzee Mbijima.

"Niseme kweli," alisema Damari, "nimepitwa na mji mzima. Nimepitwa na anayekwenda sokoni. Kama kuna mtu ameushika mkia leo ni mimi. Lakini bila mikono ya huyu nyuma yangu nisingethubutu, na bila wimbo wa huyu mbele yangu nisingetembea."

Mzee Mbijima alivua kofia, akajikuna, akaivaa tena. "Mimi najua kupima uzito wa kondoo," alisema. "Uzito wa haya siujui. Kondoo achinjwe, tule sote. Lakini kondoo ana mkia mmoja. Atakayewekewa mkia sahanini, huyo ndiye mshika mkia wa mwaka huu, na jina lake litatangazwa."

Kondoo akachinjwa. Moto ukawashwa palepale kando ya uwanja. Eliwaza akajivua aproni yake, akamfunga dada yake kiunoni, akachuchumaa, akaanza kumenya vitunguu. Damari akapika amesimama. Alionja, akaongeza chumvi, akamgombeza mdogo wake kwamba vitunguu vimekatwa vikubwa, na Eliwaza akatabasamu kwa kugombezwa.

Nyama ikaiva. Watu wakakaa chini. Mkia ulichemshwa mzima, unameremeta kwa mafuta. Na kwa desturi ya shughuli zote za mji ule, hata zile za wakubwa, hakuna anayejipakulia. Anayepakua ni mwenye jiko, na neno lake kuhusu sahani halibishwi.

Mbele ya Damari zimewekwa sahani tatu, ya Nehemia, ya Chiduo, na ya kwake mwenyewe. Mwenyekiti ameinuka kutangaza jina. Mji unasubiri. Damari ameuinua mkia kwa upawa, amesimama kwa miguu yake, na kwa mara ya kwanza tangu avunjike hakuna anayemwambia akae.

Basi nyinyi mlionisikiliza mpaka hapa, upawa huo nawapa nyinyi. Mnaushusha kwenye sahani ipi? Je, ni nani aliyestahili mkia?