Lifti ya Jabali na Mafuta ya Fundi Fisi

Aliyeisimulia kwanza ni Somoe binti Kombo, mwaka 1981, kwenye ngazi za jengo la ghorofa sita alilokuwa akilifagia, watu wamekaa wakingoja lifti itengenezwe.

Paukwa!
Pakawa!
Kipandacho juu?
Kina wa kukishika!

Hapo kale pimbi waliishi juu ya jabali. Vijana walishuka bondeni kwa miguu. Wazee walishuka kwa lifti: tenga, kamba ya nyuzi tatu, na kapi, gurudumu la kupitishia kamba, juu ya boriti. Fundi alikuwa Fisi wa bondeni, maana ndiye pekee aliyejua kusokota kamba. Kila mwezi ulipoandama, pimbi walimteremshia kamba, kapi na kibuyu cha mafuta ya kondoo. Walipatana hivi: akague kamba uzi kwa uzi, apake kapi mafuta, atie unyayo wake kwenye gome la mti kuwa ushahidi, kisha apande yeye kwanza.

Unyayo aliutia. Mafuta aliyanywa, gu-gu-gu. Kupanda hakupanda. "Mimi mzito," alisema, "nitawachosha bure."

Kapi likawa linalia, kwii, kwii. Siku moja Pimbi, mdogo kuliko wote, alikuwa akimvuta mama yake, akaona nyuzi mbili zimekatika. Mama yuko katikati ya jabali. Akavuta polepole, kwii, kwii, mpaka mama akafika.

"Mama, usishuke tena. Maji nitakuletea kwa kibuyu."

"Na dada yangu aliye bondeni, naye utaniletea kwa kibuyu?"

Pimbi akashuka kwa Fisi.

"Shikamoo, fundi. Kamba imebaki uzi mmoja."

"Marahaba. Gome lina unyayo wangu. Unabishana na unyayo? Ondoka, meno haya hayachagui."

Pimbi akaondoka, lakini hakuliacha jambo lile.

Mwezi ulipoandama, akateremsha kamba, kapi na kibuyu, akaita kutoka juu: "Fundi, leo kuna chungu kizima cha mafuta. Ni chako peke yako, ila huliwa huku huku. Tukuvute?"

Fisi akatazama juu, mate yakamdondoka, tiri-tiri. Akaitazama kamba, mate yakakauka.

"Ngojeni kwanza."

Akasokota uzi wa pili, akasokota wa tatu. Akafungua kibuyu, akanusa, akafumba macho, akapaka kapi. "Hayatoshi. Leta mengine." Pimbi akateremsha kibuyu cha pili. Akapaka. "Mengine." Akateremsha cha tatu. Akapaka. Pimbi wakalifunga kapi kwenye boriti. Fisi akajaza tenga mawe, wakavuta, wakashusha. Akaongeza mawe, wakavuta, wakashusha. Kapi kimya. Ndipo akapanda.

Alipofika juu akakikimbilia chungu. Kitupu.

"Mafuta yako wapi, wewe kipanya?"

"Umeyapaka, fundi. Vibuyu vyote vilitoka humo."

Fisi akatoa meno.

"Nile," akasema Pimbi. "Lakini wavutaji ni ndugu zangu, na njia yako ya kushuka ni hiyo moja."

Fisi akafunga mdomo, akaingia tengani. Alipotua salama, tenga likarudi juu, na Mama Pimbi akashuka kwa dada yake. Tangu hapo kila mwezi chungu humngoja juu, na fundi hupanda kwanza.

Hadithi imetua chini, mlango na ufunguke. Funzo lake: ukitaka fundi mwaminifu, tafuta mlafi.

Somoe alifariki mwaka 2003. Mama Pimbi alikufa kwa uzee, kitandani pake. Fisi yu hai, na bado anakagua kamba.