Shauri la Iwapo Mishi Pimbi Atakuwa Nyota wa Magongo

Paukwa.

Pakawa.

Palikuwa na nini?

Palikuwa na kikao.

Kikao cha nini?

Tulikaa tu, hatukuambiwa.

Basi leo mtaambiwa. Sogeeni. Aliye nyuma aje mbele, aliye mbele ainamishe kichwa.

Shauri lenyewe liliandikwa mchangani, pembeni mwa kiwanja, kwa mdomo wa Katibu Korongo, herufi kubwakubwa: SHAURI LA KUJADILI, KUPIMA NA KUTAMKA IWAPO MISHI BINTI PIMBI, MCHEZAJI CHIPUKIZI WA MPIRA WA MAGONGO, ATAKUWA NYOTA AU HATAKUWA. Chini yake Korongo akapiga mstari. Chini ya mstari akapiga mstari mwingine, kwa kuwa jambo lilikuwa zito.

Chanzo chake kilikuwa bao moja. Timu ya Majabalini ilikuwa inacheza na timu ya Bondeni, na Mishi alikuwa amewekwa katikati ya kiwanja, mahali ambapo kocha alidhani hatamsumbua mtu. Gongo lake la mkwaju lilikuwa refu kumshinda mwenyewe. Mpira wao ni koche kavu, lile tunda gumu la mkoche. Mara Mishi akainua gongo juu kwa mikono miwili, akalishusha. Ko! Koche likaruka. Viii! Likapita kati ya miguu ya ngiri watatu, likaingia golini. Pu! Ko, viii, pu, na golikipa bado anajikuna.

Tangu siku hiyo hapakuzungumzwa jambo lingine. Kisimani ni Mishi, njiani ni Mishi, msibani watu wanashika tama kidogo halafu ni Mishi.

Mishi alilelewa na shangazi yake, Bi Pimbi, na wote wawili walilelewa na shamba la matikiti lililokuwa chini ya jabali lao. Hawakuwa na kingine. Shangazi alikuwa mdogo wa umbo, hana hata mkia, na sauti yake ilikuwa ya kuomba radhi. Wengi waliisikia sauti hiyo wakaishia hapo.

Kiboko pia aliishia hapo. Kiboko ndiye aliyekuwa Mwenyekiti wa Chama cha Magongo. Hakuwahi kushika gongo maishani, maana mguu wake haushiki kitu, lakini alikuwa na mdomo mkubwa, na chama kilichokuwa na wachezaji wengi kilikosa mdomo. Kwa misimu miwili alikuwa akipita karibu na shamba la matikiti, akipunguza mwendo. Msimu huu hakupunguza mwendo. Aliitisha kikao.

"Shauri limefunguliwa," alisema, baada ya wanyama wote kukaa. Kisha akasoma kanuni mbili. Kanuni ya Saba ilisema kwamba mchezaji akitamkwa kuwa atakuwa nyota, Mwenyekiti atakuwa mlezi wake, na shamba la kwao litamlisha mlezi. Kanuni ya Nane ilisema kwamba mchezaji akitamkwa kuwa hatakuwa nyota, basi amechosha kiwanja bure, na shamba la kwao litachukuliwa na Mwenyekiti kufidia nyasi. Kanuni zote mbili zilitungwa na Mwenyekiti, asubuhi ileile. Korongo alikuwa ameziongeza chini ya shauri, na mchanga ulikuwa bado mbichi.

Shangazi Pimbi akaliangalia shauri upande huu: shamba limekwenda. Akaligeuza, akaliangalia upande ule: shamba limekwenda. Akamtazama Mishi, aliyekuwa amekaa na gongo lake magotini, anaona fahari kutajwa na wakubwa. Kisha akakumbuka mila.

Nchi ile ilikuwa na mila moja, kongwe kuliko chama. Anayefungua shauri hatii kitu kinywani mpaka shauri lifungwe, na shauri halifungwi ikiwa bado yupo mwenye neno. Wazee waliiweka ili vikao viwe vifupi. Kiboko aliijua vizuri. Ndiyo maana alfajiri alikuwa amefyeka matete ya bwawa zima, akajipa hadi saa sita mchana.

"Yupo mwenye neno?" akauliza.

Wanyama wakatazama chini. Hakuna anayependa kuwa wa kwanza kusema mbele ya mdomo ule. Kiboko akavuta pumzi ya kufunga.

"Lipo dogo, Mheshimiwa," alisema Shangazi Pimbi.

"Sema."

"Naomba kuelimishwa tu. Hivi huyu mtoto, na marehemu babu yake Bwana Ngiri, nani mkali?"

Akaketi. Kazi yake ya siku ile ilikuwa imekwisha.

Kwa maana Ngiri alisimama papo hapo akasema marehemu babu yake aliwahi kufunga mabao manne na gongo lililovunjika. Ngedere, anayejua mpira kuliko wote kwa sababu huutazama kutoka mtini, akasema enzi za babu hapakuwa na magolikipa. Ngiri akauliza nani kasema. Ngedere akasema marehemu mwenyewe, tena akilia. Hapo wakasimama ngiri wote, na ngedere wote, na nyumbu mmoja aliyekuwa anapita njia akasema yeye hana upande, halafu akaongea mpaka kivuli kikafika upande wa pili wa kiwanja. Korongo aliandika yote, kra kra kra, anaruka kwa mguu mmoja asifute ya nyuma. Jua lilipotua kikao kiliahirishwa, na shauri likabaki wazi. Kiboko akaenda kulala na njaa.

Siku ya pili akawahi.

"Yupo mwenye neno?"

"Lipo dogo, Mheshimiwa."

"Sema, lakini liwe dogo kweli."

"Ni dogo. Nyota ni nini?"

Ngedere akacheka, akasema hata mtoto anajua nyota ni nini, na akaanza kueleza. Ngiri akasema hiyo si nyota, huyo ni mchezaji mzuri. Akaulizwa tofauti yao. Wakaunda kamati ndogo ya tofauti. Kamati ikarudi imegawanyika: wapo wa nyota wa Bondeni, wapo wa nyota wa dunia, na wapo waliosema kwamba mchezaji hawezi kuitwa nyota akiwa anatumia mkono wa kushoto, jambo lililowafanya wote wageuke kumtazama Mishi mikono. Mishi akaificha.

Adhuhuri ilipofika Shangazi aliinuka kwa unyenyekevu, akasema wajumbe wamechoka kwa ajili ya mtoto wake, na yeye hana cha kuwapa ila matikiti. Akayapasua mbele ya meza kuu. Chwaa! Maji mekundu yakatiririka. Wajumbe wakala, wakatema mbegu, wakasifu. Shangazi akamwendea Kiboko na kipande kikubwa kuliko vyote, akakisimamisha chini ya pua yake, kisha akajipiga kofi la kichwa.

"Nisamehe, Mheshimiwa. Nilikuwa nasahau mila."

Akarudi nacho.

Tumbo la Kiboko likasema nguruuu. Korongo akainua mdomo, akauliza mchango ule auandike kwa jina la nani.

Alasiri Mwenyekiti alisema anakwenda bwawani mara moja kunawa uso. Korongo akamfuata. Korongo hakuwa upande wa mtu yeyote. Alikuwa upande wa kumbukumbu. Kiboko alipofungua mdomo karibu na matete yaliyoanza kuchipua, alisikia sauti nyuma yake ikiuliza, kwa adabu, kama shauri limefungwa, ili iandikwe saa. Kiboko akanawa uso.

Jioni hiyo Mishi alimsogelea shangazi yake wakiwa wanaokota maganda.

"Shangazi, kwani mimi nitakuwa nyota?"

"Wewe unataka nini, mwanangu?"

Mishi akafikiri. "Nataka kucheza, halafu nirudi nyumbani nile."

"Basi hilo ndilo tunalolitafuta."

"Lakini Shangazi, lile bao, siku ile, mimi nili..."

"Najua. Nilikuwa nimekaa mbele. Kula tikiti, ufunge mdomo."

Siku ya tatu Kiboko alifika akiyumba. Ngozi yake ilikuwa imelegea kama ya kuazima. Alisimama mbele ya kikao, akalitazama shamba la matikiti kwa mbali, akameza mate, na mate yenyewe akamwona Korongo akiyatilia shaka.

"Yupo mwenye neno?" alisema. Sauti ilikuwa ndogo. Nusu ya kikao haikuisikia.

"Lipo dogo, Mheshimiwa."

Kiboko akafumba macho. "Bi Pimbi. Lako litakwisha lini?"

"Mimi la kwangu ni dogo. Nilitaka kuuliza mtoto akipata mafua ukubwani itakuwaje. Halafu Bwana Ngedere ana la upepo. Halafu wapo nyumbu, wamesikia habari, wanakuja leo kuchangia."

"Nyumbu wangapi?"

"Wote."

Tumbo likasema nguruuu, na safari hii Korongo hakuuliza, aliandika tu.

"Shangazi," alisema Kiboko, na hilo ndilo neno la kwanza la adabu kumtoka tangu msimu uanze, "nisaidie. Nitamke nini, liishe?"

Shangazi Pimbi akasogea karibu, kwa ile sauti yake ya kuomba radhi. Akamweleza kwamba akitamka atakuwa nyota, wapo wa kupinga. Akitamka hatakuwa, wapo wa kupinga zaidi. Lakini aliyefungua shauri anaweza kulifuta, na shauri likifutwa halina wa kulijadili. Ila linafutwa na kila kilichoandikwa pamoja nalo, kuanzia kichwa cha habari, mpaka Kanuni ya Saba, mpaka Kanuni ya Nane.

"Na kesho nikilifungua upya?"

"Karibu sana, Mheshimiwa. Nyumbu watakuwa bado wapo."

Kiboko akalitazama tumbo lake. Tumbo likamtazama yeye.

"Katibu," alisema. "Futa."

Korongo akafungua bawa, akafagia. Faa, siku ya kwanza. Faa, siku ya pili. Faa, kichwa cha habari na mistari yake miwili, na kanuni zote mbili. Kazi nzuri ya siku tatu, na wanasema alifuta huku akigeuza uso pembeni. Alipoinua kichwa atangaze kwamba kikao kimekwisha, Mwenyekiti hakuwepo. Kilichobaki ni vumbi la kuelekea bwawani, na sauti ya matete yakikatwa. Kraucha, kraucha, kraucha.

Shangazi na Mishi wakarudi kwao. Wakapasua tikiti moja, wakala wawili.

Basi, wanangu, fundisho la ngano hii ni hili. Waheshimuni wenyeviti, kwa maana wao huona mbali. Msibishane juu ya mpira, kwa sababu maneno mengi hayajawahi kumwokoa mtu. Na mkitaka kujua kipaji cha mtoto, msimuulize mtoto. Undeni kamati, kamati haijawahi kukosea.

Hapo ndipo ngano yangu ilipokata pumzi. Ikiwa nzuri, pelekeni kwenu. Ikiwa mbaya, iacheni hapa nilalie. Nalifunga. Yupo mwenye neno?

Lipo dogo.

Sema.

Mishi alikuwa nyota?

Mishi alicheza misimu mitatu zaidi na hakufunga tena. Siku ile alikuwa anampiga nyuki.